Mazombi wametuaga, tulie au tushukuru?

Wiki hii naomba uniwie radhi, ile mada ya wanaume wanaokopa hela kwa wachumba zao nimeiweka kando kwanza. Kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu sasa, na kila nikilianzisha kijiweni washikaji wanaangua kicheko: “We mtu mzima mwenye ndevu bado unalilia mazombi?” Basi leo nalilia humu humu gazetini, anayecheka na acheke.

Nazungumzia The Walking Dead. Kama hukuifuatilia, usiondoke, kaa hapo hapo maana mambo ya leo si ya mazombi peke yake. Kama uliifuatilia, basi vuta kiti ndugu yangu, mimi na wewe tulifiwa siku moja.

Siku yenyewe naikumbuka vizuri. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 21 Novemba 2022. Kule Marekani bado ilikuwa Jumapili usiku wanarusha kipindi cha mwisho, hapa kwetu saa 11 alfajiri, majogoo yanawika. Kulipokucha mji mzima ulikuwa ukizungumzia Qatar kuchapwa 2-0 na Ecuador jana yake kwenye ufunguzi wa Kombe la Dunia. Kwenye daladala ni Qatar, kwa mama ntilie ni Qatar, hata kinyozi wangu, ambaye mpira haujui, alikuwa akieleza kipa kakosea wapi. Mimi nimekaa kimya kama mtu aliyepokea barua ya posa iliyorudishwa. Tamthilia niliyoanza kuitazama nikiwa kidato cha kwanza imekwisha, na hakuna hata mtu mmoja wa kumpa taarifa za msiba.

Haya, kwa ambao hawajui. Mwaka 2003 kijana mmoja wa Kimarekani anayeitwa Robert Kirkman alianza kuandika kitabu cha katuni, picha nyeusi na nyeupe, kuhusu polisi anayezinduka hospitalini akakuta dunia imeisha, wafu wanatembea na kula watu. Tarehe 31 Oktoba 2010 stesheni ya AMC ikaanza kukirusha kama tamthilia. Polisi huyo, Rick Grimes, alichezwa na Andrew Lincoln, ambaye kwao ni Uingereza lakini akakamata lafudhi ya watu wa jimbo la Georgia mpaka ukamwona mwenyeji kabisa. Picha zilipigwa huko huko Georgia, jua kali, jasho la kweli. Na kwa miaka karibu 10 waling'ang'ania kutumia mkanda wa filamu wa milimita 16, ndiyo maana picha zile zilikuwa na chengachenga fulani hivi kama sinema za zamani. Misimu 11, vipindi 177, miaka 12. Kuna ndoa nyingi tu hapa mjini hazijafika hapo.

Kabla sijasahau, usimchanganye zombi na msukule wetu. Msukule, kwa jinsi bibi zetu walivyotusimulia, anachukuliwa na mchawi akalime shamba usiku, analishwa pumba, wala hamng'ati mtu. Huyu zombi wa kula nyama aliletwa kwenye sinema na bwana George Romero mwaka 1968, hana shamba, hana bosi, yeye ni kutembea na kutafuna tu. Halafu kuna kitu wengi hawajakigundua: humo ndani ya The Walking Dead watu hawaiti zombi. Wanawaita watembeaji, na kila kundi la watu lina jina lake la kuwaita. Ni kama vile dunia ile haikuwahi kuona sinema ya mazombi hata siku moja.

Sasa nikwambie kilichotukamata. Sisi tulilelewa na sheria moja ya sinema, sheria ambayo tuliikuta na tukaamini itatuzika: steringi hafi. Steringi anaweza kupigwa risasi, lakini ya bega. Atatupwa mtoni na atatokea mbele amelowa, ameshika bunduki ileile na bado ina risasi. Kwenye kibanda cha video mtu akianza kulia kwamba steringi anauawa, wakubwa wanamtuliza: “Acha ushamba, steringi huyo.” Mwarnold wa Commando alitufundisha hivyo, Wachina wa kung'fu wakatufundisha hivyo hivyo.

The Walking Dead wakaja wakaichana ile sheria mbele ya macho yetu. Unampenda mtu, unamzoea, unajua anavyocheka, halafu Jumapili moja, kwaheri. Mtoto Sophia wamemtafuta msituni nusu msimu mzima, mama yake Carol analia kila siku, kumbe katoto kamo ndani ya banda la shambani siku zote hizo, kameshageuka. Kale katoto kalipotoka taratibu mle bandani, Novemba 2011 huko kwao, mimi nimekuja kukaona baadaye kwenye flashi ya kuazima, nilisimama nikatoka nje kuvuta hewa. Nilikuwa bado mdogo, nikasingizia nakwenda chooni.

Kwetu hapa mtazamaji mwenzangu alikuwa Dada. Huyu ni dada yangu wa kuzaliwa tumbo moja, ndiye aliyenilea baada ya mama kutangulia, na ndiye aliyelipa ada mpaka nikamaliza kidato cha nne (matokeo tusiyaongelee). Ameniruhusu kuandika haya mradi nisitaje mtaa wala jina lake. Jioni akirudi kazini, anavua viatu, anaweka maji ya ugali, ananiambia, “Haya mdogo wangu, washa tuone leo nani anakufa.” Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yetu. Flashi tulijaziwa kwenye kibanda cha kijana mmoja ambaye sitamtaja, aliyekuwa na tabia mbaya sana ya kuruka kipindi kimoja katikati halafu anakuapia kwamba ndivyo walivyotoa Wazungu.

Dada alikuwa anamfagilia Glenn. Sote tulimfagilia Glenn. Kijana wa Kikorea aliyechezwa na Steven Yeun, ambaye kabla dunia haijaharibika alikuwa akipeleka piza majumbani kwa watu. Ndiye aliyemwita Rick mjinga kwenye redio siku Rick amenasa ndani ya kifaru mjini Atlanta, na ndiye aliyemtoa. Hakuwa na mabavu, alikuwa na mbio na akili. Na roho. Akampata Maggie, binti wa mzee Hershel mwenye shamba, mchezaji wake Lauren Cohan, wakaoana humo humo kwenye mizoga. Dada akawa anasema mwanamume ndiyo yule, mwembamba, hana maneno mengi, ila ukimwambia njoo anakuja.

Mwaka 2015 watunzi walianza kutuchezea. Glenn akaangushwa katikati ya kundi la wafu, utumbo ukawa unavutwa juu ya kifua chake, na jina la Yeun likaondolewa hata kwenye majina ya mwanzoni. Wiki kadhaa watu tunaomboleza. Kumbe mzee alijivuta akaingia chini ya pipa kubwa la taka, ule utumbo ulikuwa wa mwenzake! Tukafurahi, sawa, lakini ilikuwa furaha ya mtu aliyerudishiwa pochi na mwizi. Ndipo nilipoanza kuona kwamba hawa jamaa sasa hawatusimulii hadithi, wanatutega.

Aprili 2016 ikaja ya mwisho wa msimu wa sita. Akatokea Negan, amechezwa na Jeffrey Dean Morgan, koti la ngozi, tabasamu, na gongo la besiboli lililofungwa seng'enge ambalo kalipa jina la kike, Lucille. Watu wetu 11 wamepigishwa magoti usiku porini. Maggie ni mjamzito na anaumwa, walikuwa wakimkimbiza kwa daktari. Negan anahesabu, anahesabu, anainua gongo, anashusha, na picha inakatika. Kapigwa nani? Hawasemi. Subiri hadi Oktoba! Miezi sita na zaidi. Hata mganga anayekuambia urudi na kuku mweusi hakuweki muda wote huo.

Tarehe 23 Oktoba 2016 wakafungua. Kwanza Abraham. Tukapumua, unajua tena ubinafsi wa mtazamaji, bora yeye kuliko wangu. Halafu Daryl kwa hasira akamrukia Negan ngumi, na Negan, ili kumtia adabu, akageuka na kumshushia Glenn. Sitaeleza jicho lilivyokuwa. Dada alizima luninga mwenyewe, kimyakimya, akaenda kulala bila kula. Asubuhi akaniambia, “Mimi na hao watu basi.” Na kweli ikawa basi.

Sasa nilichokuwa sikijui siku ile, na nadhani ndiyo sababu ya mimi kuandika leo, ni kwamba Dada naye alikuwa mjamzito wa miezi mitano. Na wiki ileile aligundua kwamba shemeji yangu hayuko safari ya kikazi Morogoro kama alivyoaga. Alikuwa mitaa miwili tu kutoka pale, kwa shoga yake Dada wa kufa na kuzikana, yule aliyekuwa akija kwetu kusonga ugali na kuangalia hao hao mazombi pamoja nasi. Mnaona mambo hayo? Kwa hiyo Maggie analia kwenye matope yake, na Dada yuko sebuleni kwake na flashi ya shilingi 500. Mimi nilidhani kanuna kwa ajili ya Glenn.

Tuache hapo kidogo, tutarudi.

Dada hakuondoka peke yake. Hesabu zenyewe zinasema. Mwanzo wa msimu wa tano, Oktoba 2014, watazamaji wa Marekani usiku ule mmoja walizidi milioni 17, hakuna kipindi chao kingine kilichofika hapo. Usiku wa Glenn walikuwa milioni 17 tena. Mwaka mmoja baadaye msimu ulifunguliwa na watu milioni 11 na ushei. Na ule usiku wa mwisho wa Novemba 2022, usiku wa kuzika, walikuwepo milioni 2 na kidogo. Ni kweli siku hizi watu wengi wanatazama kwa intaneti wakati wautakao, kwa hiyo usilinganishe kama kilo na kilo, lakini hata ukiongeza hao, msiba ulijaa mwanzoni na makaburini tukafika wachache.

Wengine waliondoka kwa Carl. Huyu ni mtoto wa Rick, kijana Chandler Riggs, tulimwona tangu kofia ya baba yake inamfunika macho hadi sauti inakuwa nzito. Kwenye vitabu vya katuni Carl anaishi mpaka ukurasa wa mwisho, ndiye mrithi wa hadithi nzima. Kwenye tamthilia wakamng'atisha, akafa Februari 2018. Mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza ule uamuzi nikamwelewa. Unamuua mrithi, urithi unamwachia nani?

Wengine waliondoka na Rick mwenyewe. Novemba 2018 Andrew Lincoln aliondoka, alitaka kukaa na familia yake Uingereza, na hilo simlaumu. Kwenye hadithi akalipua daraja, tukaambiwa ndani ya hadithi kafa, kumbe kapakiwa kwenye helikopta. Rafiki yangu fundi simu anasema hapo ndipo palipokuwa mwisho halali, yaliyofuata ni mazombi ya tamthilia yenyewe, yaani tamthilia imekufa lakini bado inatembea. Ni maneno makali, nami nilicheka, lakini simpi yote. Alipoingia mama Angela Kang kuongoza uandishi kuanzia msimu wa tisa, mambo yalinyooka. Wale Wanong'onaji waliovaa ngozi za nyuso za maiti na kutembea katikati ya kundi walinitisha kuliko Negan. Sema wengi walikuwa wameshaondoka, na mtu akishaondoka kwenye harusi kwa hasira harudi kwa sababu ameambiwa pilau limeiva vizuri.

Na Michonne je? Huyu namtaja kwa kujidai kabisa, maana ni wetu. Danai Gurira kazaliwa Marekani, lakini wazazi Wazimbabwe na amekulia Harare. Mwanamke mweusi, rasta, upanga mgongoni, anakata vichwa kama anakata nanasi, halafu unamkuta ana huzuni, ana mapenzi, ana utani. Miaka ya mwanzoni watazamaji walilalamika sana kwamba wanaume weusi ndani ya tamthilia ile wanaingia mmoja anapotoka mwingine kama zamu za walinzi, na walikuwa na haki. Michonne hakuja kushika zamu ya mtu. Naye aliondoka Machi 2020, wiki zile zile dunia ya kweli inaanza kufunga milango kwa sababu ya korona. Kipindi cha mwisho cha msimu ule kikacheleweshwa kutoka Aprili hadi Oktoba. Tukawa ndani, barakoa usoni, tukimwogopa jirani akikohoa, na mazombi yenyewe yamesimamishwa kwa sababu ya ugonjwa! Ukitunga wewe watasema umezidisha chumvi.

Septemba 2020 ndipo walipotangaza kwamba msimu wa 11 utakuwa wa mwisho. Na hapo ndipo hisia zilipochanganyika. Upande mmoja unasema alhamdulillahi, wapumzike, tumechoka. Upande mwingine unahisi kama mwenye nyumba kakuletea notisi. Lakini kilichoniudhi mimi, na hapa niko radhi tubishane, ni kwamba waliutangaza mwisho na mkono wa pili wakauuza. Siku ileile ya kutangaza kuisha wakasema Daryl na Carol watapata tamthilia yao. Machi 2022 wakatangaza Maggie na Negan nao watapata ya kwao, jijini New York. Julai 2022 wakaongeza Rick na Michonne. Sasa wewe mwenye akili niambie, kipindi cha mwisho kinarushwa Novemba, na unajua tayari kwamba Daryl hafi, Maggie hafi, Negan hafi. Ile sheria waliyoichana wenyewe mwaka 2010 wakairudisha kwa mlango wa nyuma: steringi hafi, ana mkataba.

Tena ya Daryl na Carol ikaingia mchanga. Aprili 2022 Melissa McBride, anayecheza Carol, akajitoa kwa kuwa picha zingepigwa Ulaya na kwake haikuwezekana wakati ule. Baadhi ya mashabiki wakamrukia Norman Reedus, Daryl mwenyewe, matusi ya nguoni, kana kwamba yeye ndiye aliyemfukuza. Morgan, yule Negan, ndiye aliyejitokeza kumtetea mwenzake, akawaambia watu wamevuka mpaka. Fikiria: watu walioumwa sana na kuisha kwa kitu mpaka wakamtukana anayekipenda kuliko wao. McBride baadaye alirudi, 2024 msimu mzima ukapewa jina la Carol. Matusi sijui walikwenda kuyafuta nani.

Na fedha, we acha tu. Frank Darabont, aliyeiandaa tamthilia mwanzoni na kuongoza kile kipindi cha kwanza kabisa, alifukuzwa mwaka 2011, msimu wa pili haujarushwa hata. Akashitaki. Kesi ikaenda miaka na miaka, mwaka 2021 AMC wakakubali kulipa dola milioni 200 yeye na mawakala wake yaishe. Kwa hiyo ukisikia hadithi haifi kirahisi, ujue kuna wanaoishi nayo.

Mwenye katuni zake, Kirkman, aliufanya mwisho kwa namna nyingine kabisa. Julai 2019 alitoa toleo la 193 na ndani yake akaandika kwamba ndio mwisho. Hakutangaza, hakuaga. Alikuwa ameshaandaa hadi majalada ya uongo ya matoleo yajayo ili wauza vitabu wasishtuke! Wasomaji walikasirika, lakini wengi walishukuru, maana walishtuka kweli, kama hadithi yenyewe ilivyowazoeza. Mimi hapo niko na Kirkman.

Haya, kipindi chenyewe cha mwisho. Kijana wa flashi alikipata Jumatatu ile jioni. Nikakinunua, nikaenda nacho kwa Dada. Sasa ana binti wa miaka mitano na ushee, mtundu, tulimlaza kwanza. Dada akasema, “Mimi nilishakwambia basi.” Nikamwambia Dada, huu ndio mwisho, njoo uzike tu. Akakaa huku anachambua mchele, kama mtu ambaye hatazami.

Alipotea mwanzoni, nani huyu, yule yuko wapi, nikawa namweleza kama ndugu aliyetoka Ughaibuni. Rosita alimtoa machozi. Alianguka na mtoto mchanga katikati ya kundi, tukajua kaisha, akaibuka juu na mtoto wake mzima. Kumbe kang'atwa. Anakuja kufa kitandani, taratibu, rafiki yake Eugene kando yake, anamshika mkono. Mchezaji mwenyewe, Christian Serratos, alisema ndiye aliyeomba Rosita afe, na alijua anachoomba: ni kifo pekee usiku ule kilichokuwa na uzito, maana yeye hakuwa na mkataba wa mbele.

Kisha likaja lile. Negan, ambaye miaka hii sita amefungwa, kafunguliwa, kapata mke, anatarajia mtoto, anamwomba Maggie radhi. Sio radhi ya kujitetea. Baadaye Maggie anakaa naye na kumjibu. Anamwambia kwa maneno ya pole kwamba anaona jitihada zake, anaona kuwa sasa ni mtu mwingine, lakini hawezi kumsamehe. Kila akimtazama analiona lile gongo likishuka. Hataki kumchukia tena, hataki mtoto wake alelewe na chuki, na anaweza kuishi naye mahali pamoja, afanye kazi naye. Lakini msamaha haupo.

Dada aliacha mchele. Akaniambia, “Rudisha.” Nikarudisha. Akasikiliza tena, na tena mara ya tatu.

Mnakumbuka yule shoga yake? Shemeji hakudumu naye, alishahamia kwingine kama desturi. Yule mwanamke alibaki mtaa wa pili, na tangu mwaka 2019 anatuma wazee. Kaja mjumbe, kaja mama mchungaji, kaja shangazi yetu kutoka kijijini na nauli kalipiwa. Wote wimbo mmoja: samehe, usiposamehe unajifunga mwenyewe, roho yako haitapona. Dada anawapa soda, anawasikiliza, anawasindikiza. Nami, nakiri mbele yenu, nilikuwa upande wa wazee. Nilimwambia zaidi ya mara moja kwamba anazeeka na kinyongo.

Usiku ule akaniambia, na sauti haikuwa na hasira hata kidogo: “Umesikia mdogo wangu? Kumbe unaweza kusema hivyo na mtu asikuone mchawi.”

Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa yule mwanamke. Sikuwepo, kwa hiyo siwezi kukuambia walichosemezana. Ninachojua ni kwamba wazee hawakuja tena, na siku hizi wakikutana kwenye kikao cha vikoba wanasalimiana, “Habari za nyumbani,” “Nzuri,” kila mtu anashika kiti chake. Ugali hawajasonga pamoja na sidhani kama watasonga.

Kwa hiyo wale wanaonicheka kijiweni, na wewe fundi simu usomaye hapa, mniambie ilikuwa imekufa tangu 2018 nitawaelewa. Dakika za mwisho zenyewe hazikunifurahisha sana: Daryl anapanda pikipiki anatokomea, Rick na Michonne wanaonyeshwa mwishoni kila mmoja kwake, wazi kabisa kama tangazo la biashara la tamthilia ijayo (ile ya 2024, vipindi sita, na nikiri niliipenda). Nilizima luninga nikiwa na njaa ya mwisho wenyewe. Ila ile dakika ya Maggie ilihitaji miaka yote hiyo. Usingeweza kuiandika mwaka mmoja baada ya gongo. Ilibidi watu wakae, wazeeke, wakutane kwenye foleni ya chakula na muuaji wao, na sisi tukae nao.

Juni 2023 ikatoka ile ya Maggie na Negan huko New York, Dead City. Nikajisemea ngoja nimfanyie Dada surprise ndogo. Nikaenda kwa kijana wa flashi na shilingi zangu mkononi. Akanitazama, akacheka: “Umechelewa bro. Sista ako amepita hapa tangu asubuhi, kachukua ya kwanza, na kanilipa kabisa za mbele.”

Wiki ijayo tukijaliwa ni zamu ya wale wanaume wanaokopa wachumba zao. Nimeshapata kesi tatu, na moja ni ya huyo huyo kijana wa flashi.